Pumzi Kumi, Mama Kwanza: Maisha ya Eunike Kotile (1975–2025)

Mwaka wa 2019 Mama Buya, jirani wa ua kwa ua, alisema kwamba Eunike Kotile amekwenda Mombasa kusomea kuwakata watu pumzi. Aliyasema hayo kwenye bomba la maji asubuhi, na kabla jua halijapanda yalikuwa yameshafika sokoni Garsen, yametiwa chumvi njiani. Kwamba chuoni kwao wanafundishwa kuchomoa mipira ya oksijeni. Kwamba yeye Mama Buya, kwa macho yake mawili, amemkuta Eunike kando ya kitanda cha mtoto wa watu, mpira mkononi, na mtoto anatweta. Mama Buya yuko hapa leo. Ameketi kule karibu na masufuria, na amekubali jina lake lisomwe. Alipoombwa ruhusa aliuliza jambo moja tu, kama atasomwa kabla ya chakula au baada.

Alichokiona alikiona kweli. Mpira ulikuwa umechomolewa, na Eunike alikuwa ameushika. Asichokiona ni mkono uliouchomoa. Kwa miaka sita Eunike aliujua mkono huo na hakusema, wala mwenye mkono hakusema, na maneno ya bombani yakamfuata marehemu mpaka kwenye kitanda chake cha mwisho. Kabla hajafunikwa udongo, jambo hilo litasemwa hapa mbele ya watu wote. Lakini kwanza maisha yake, tangu mwanzo.

Eunike alizaliwa hapa Ngao siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1975, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kotile Zakaria, mkulima wa mpunga na ndizi, na mkewe Bi. Dama, aliyeolewa kutoka upande wa Malindi. Wote wawili wametangulia. Bi. Dama aliogopa mamba kuliko kitu kingine chochote duniani, na binti zake hawakuruhusiwa kutia mguu majini. Kwa hiyo watoto wenziwe walipopiga mbizi kwenye ziwa la nyuma ya mashamba, Eunike aliachwa ukingoni na kazi ya kuhesabu nani amekaa chini muda mrefu zaidi. Alihesabu polepole na kwa haki. Kaka yake mkubwa, Bwana Bahola, anakumbuka siku aliyompa maembe mawili ili amhesabie mbiombio, apate namba kubwa. Eunike akala maembe yote mawili, akamhesabia polepole vilevile. Bwana Bahola anasema mpaka leo anadai maembe yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Ngao kuanzia mwaka wa 1982 hadi 1989, akaendelea na sekondari ya bweni mpaka alipomaliza kidato cha nne mwaka wa 1993. Mwaka wa 1995 alijiunga na mafunzo ya uuguzi, akapata cheti chake mwaka wa 1997. Kazi alianzia zahanati ya Kipini, Januari 1998. Huko alijifunza Kiswahili cha wenyewe, na aliporudi akawa anaturekebisha sisi sote, hata mchungaji katikati ya mahubiri, kwa kumkunjia uso tu kutoka benchi la tatu. Baadaye alihamishiwa Garsen, na kuanzia mwaka wa 2005 alihudumu katika wadi ya watoto ya hospitali ya hapa Ngao, karibu na nyumbani.

Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa na Bwana Komora Maro, fundi wa pampu za maji za mashambani. Walijaliwa watoto wawili, Maro na Darmi. Darmi alipewa jina la rafiki wa mama yake wa Garsen, mama wa Kiorma aliyekuwa akimletea maziwa kila alipokuwa na mimba. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya ubishi mtamu. Bwana Komora alishikilia kwamba kifua cha mtu ni pampu tu. Eunike alimjibu kwamba hajawahi kuona pampu inayolia ikimtaka mama yake. Hawakumaliza ubishi huo, na wala hawakuonekana kutaka kuumaliza.

Katika wadi ile ya watoto, jambo moja lilimkaa moyoni. Watoto wa homa ya mapafu walikuja wengi kila msimu wa mvua, na waliozidiwa walipakiwa garini kupelekwa Malindi, safari ndefu, huku yeye amewapakata akihesabu. Alizoea kusema kwamba barabara ile ameifahamu kwa pumzi za watoto, siyo kwa kilomita. Aliposikia kwamba Chuo cha Afya cha Bandarini kule Mombasa kinafungua diploma ya tiba ya upumuaji, alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alikwenda Septemba 2017.

Darasa lao lilikuwa la wanafunzi ishirini na watatu, na aliyemfuata kwa umri alikuwa na miaka ishirini na minne. Siku ya kwanza vijana walisimama alipoingia, wakamwamkia shikamoo, wakidhani ndiye mwalimu. Akawaitikia marahaba, akaenda kuketi nyuma. Walisomeshwa namna hewa inavyoingia na inavyotoka, damu inavyoibeba, mashine ya kusaidia kupumua inavyofungwa na inavyosikilizwa. Kila mashine ina kilio chake, na mwanafunzi hana budi kuvijua vilio hivyo hata akiwa amefumba macho. Vilio vya mashine havikumsumbua, maana alikuwa ameshalea. Kilichomsumbua ni hesabu za hewa na presha. Mtihani wa kwanza wa somo hilo alipata alama thelathini na moja kwa mia, akampigia mumewe akasema anarudi nyumbani. Bwana Komora alimwambia afungue daftari. Kwa wiki sita alimfundisha presha kwa simu, yeye akiwa shambani na pampu yake inanguruma, mkewe akiwa bwenini na kalamu. Mtihani wa pili alipata sabini na nane. Bwana Komora alisema, sasa unakubali ni pampu. Eunike alisema atakubali akifika tisini.

Ndipo tunafika kwenye lile jambo.

Juni 2019 chuo kilimtuma kwenye mafunzo ya vitendo hukuhuku kwetu, katika wadi aliyoizoea, ila sasa akiwa mwanafunzi, koti jeupe jipya na kitambulisho kifuani. Jumatano ya tarehe 12 aliletwa pale mtoto wa kiume wa miezi minane, Zakaria, amebanwa na homa ya mapafu. Mama yake alikuwa na miaka ishirini, ameolewa na Jilo, mtoto wa Bwana Bahola, hivyo Eunike alikuwa shangazi wa mumewe. Mama huyo alitoka Kinakomba, alisoma mpaka darasa la nane, na hakuwa mtu wa maneno. Anaitwa Kabibi. Ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma.

Kabibi aliwahi kuuona mpira wa oksijeni mara moja tu katika maisha yake. Bibi yake aliyemlea kule Kinakomba alivalishwa asubuhi, na alasiri akafunikwa shuka uso mzima. Kichwani mwa Kabibi, na siyo yeye peke yake, kuna wengi hapa wanaojua anasema nini, mpira ule ndio huvalishwa mtu anayesindikizwa kaburini. Muuguzi alipomvalisha Zakaria alimweleza vizuri, na Kabibi aliitikia ndiyo, ndiyo. Muuguzi akaenda kitanda kingine. Kabibi akautazama mpira unavyopuliza puani mwa mwanawe, akaona bibi yake. Akauchomoa, akautupa sakafuni, akaanza kumfunga mtoto kanga ili aondoke naye.

Eunike alimkuta hapohapo. Tumbo la mtoto lilikuwa linazama kwa kila pumzi, pua zimetanuka, midomo imekuwa rangi ya jivu. Hakupiga kelele, wala hakumpokonya mtoto. Aliokota mpira, akaufuta kwa dawa, akatumbukiza ncha yake kwenye kikombe cha maji kilichokuwa kando ya kitanda. Maji yakatoa mapovu.

"Hii ni hewa, mwanangu," alisema. "Ni ileile ya kwenu Kinakomba, imechujwa tu."

Kabibi alisema bibi yake alikufa nayo. Eunike akamuuliza bibi aliugua muda gani kabla ya kufikishwa hospitali. Kabibi akasema wiki tatu. Eunike hakusema tena juu ya bibi. Alichukua mpira mwingine mpya, akauunganisha, akamvalisha Kabibi mwenyewe puani.

"Hesabu pumzi kumi. Ukifa, huyu nitamlea mimi."

Kabibi akahesabu. Kufikia ya saba alikuwa bado hai. Hakujua kama acheke au alie, na alifanya vyote viwili. Ya kumi ilipofika, mkono wake mwenyewe ndio uliomrudishia Zakaria mpira, Eunike akimwelekeza vidole. Muda wote huo ulikuwa mfupi kuliko huu wa kuusoma hapa. Baada ya nusu saa midomo ya mtoto ilianza kurudi rangi. Siku ya tano aliruhusiwa nyumbani, na njiani alinyonya mpaka akachafua kanga ya mama yake.

Mama Buya alikuwa amekuja kuwaona wagonjwa, na birika la uji mkononi. Alifika mlangoni wakati ule ule mpira uko kwenye kikombe cha maji, mkononi mwa Eunike, na pua ya mtoto iko wazi. Aligeuka na uji wake akaondoka. Juzi Jumatano Kabibi alipomweleza yote kwa mara ya kwanza, Mama Buya alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa, kisha akasema, na ule uji tuliunywa sisi.

Maneno yalifika chuoni kabla ya mwezi kuisha. Tarehe 8 Julai 2019 Eunike aliitwa mbele ya walimu watatu. Walimuuliza ni nani aliyeutoa mpira. Alijibu kwamba mpira ulitoka, yeye aliurudisha, na mtoto yuko nyumbani anatambaa. Walimuuliza tena, nani. Akasema ni mtu aliyeogopa, na jina lake halimsaidii mgonjwa yeyote. Walimu hawakuwa watu wabaya. Walimwambia wazi kwamba bila jina hawana la kuandika, na kwamba kwa kazi hii mpira kutoka si jambo dogo. Wakaamua arudie mafunzo yote ya vitendo tangu mwanzo. Wenzake walimaliza mwaka huo. Yeye alibaki nyuma, na alipokuwa karibu kumaliza, Machi 2020, vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Diploma aliyokwenda kuisomea kwa miaka miwili na kidogo ilimchukua minne.

Agosti ile ya 2019 Kabibi alisikia habari za walimu watatu kwa mumewe. Alimfunga Zakaria mgongoni, akaenda kwa shangazi, akamkuta anapepeta mchele. Alimwambia kwamba ataandika barua chuoni, na hata kama hajui kuiandika ataisema. Eunike hakuacha kupepeta. Alimuuliza ana miaka mingapi. Ishirini. Ameolewa muda gani. Mwaka na nusu.

"Basi ukisema leo, utaitwa mama aliyetaka kumuua mwanawe mpaka unazeeka," alisema. "Mimi nitaitwa kwa miezi michache tu, watasahau."

Mtu huyu aliyehesabu kwa haki maisha yake yote, hapo alikosea hesabu. Hawakusahau. Sokoni Garsen kuna mama aliyekuwa akimfunika mtoto wake pua kwa kanga kila Eunike alipopita. Eunike alimsalimu hivyohivyo, akauliza bei ya bamia, na alipofika nyumbani akacheka akasema, angalau yule anajua kazi yangu iko wapi. Lakini kuna siku hakucheka. Wadini akina mama wengine walikuwa wakimwona anakuja na mtungi, wanawabeba watoto wao na kutoka nao nje, na huko nje hakukuwa na oksijeni. Siku hizo alirudi nyumbani akaketi uani bila kuvua viatu. Hakuwa analilia jina lake. Alikuwa anawahesabu waliotoka.

Kabibi alikuwa akimwona kutoka ng'ambo ya ua. Kila mara alisema kesho nitasema. Zakaria akaota meno, akatembea, akaanza shule, na kesho ikaendelea kuwa kesho.

Siku ya mahafali, Ijumaa tarehe 3 Desemba 2021, Eunike alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliyeshangilia kuliko wote ukumbini alikuwa Bwana Komora, kwa sababu alama za lile somo la presha zilikuwa tisini na moja. Kuanzia mwaka wa 2022 alirudi wadini kwetu akiwa mtaalamu kamili, na chuo kilekile kilichomrudisha nyuma kikaanza kumletea wanafunzi awafundishe kwa vitendo. Hao ndio mnaowaona pale wamesimama na makoti meupe. Kwa miaka mitatu na zaidi alifundisha arobaini na mmoja, na kila mmoja alimjua kwa jina, kwa kijiji, na kwa chakula asichokula.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha, na yote ilitokana na ile Jumatano. Mwanafunzi hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa kabla hajakaa nusu siku nzima na mpira puani mwake mwenyewe. Ale nao wali na kambare, apige chafya nao, asali nao, agombane nao na mwenzake. Akimaliza anajua pua inavyokauka na masikio yanavyoumia kwa nyuma, na hatamwambia mgonjwa kwamba si kitu. Kuhesabu pumzi ilikuwa dakika nzima kwa saa ya mkononi. Aliyehesabu nusu dakika kisha akazidisha kwa mbili alirudishwa aanze upya. Alikuwa akiwaambia kwamba mtoto hapumui kwa kuzidisha. Wakamwita Mkaguzi, kwa siri, na yeye akajua, akaanza kujiita hivyo kwenye simu.

Kila Alhamisi alipanda mpaka Garsen kumtafuta Kassim mchinjaji, akitaka pafu la mbuzi zima, lisilopasuliwa, na koo lake refu juu. Mara ya kwanza Kassim alimuuliza ana paka wangapi. Mara ya pili alianza kuogopa, maana maneno ya bombani yalikuwa yamemfikia. Mara ya tatu Eunike alilisafisha pafu palepale buchani, akafunga mfuko wa kusukuma hewa kwenye koo, akaminya. Pafu lililokuwa limelala kama kitambaa kibichi likanyanyuka, likawa jeupe lenye wekundu kwa mbali, likashuka, likanyanyuka tena. Wateja waliacha kuchagua nyama. Kassim alisema Subhanallah, akafuta mikono yake, akaomba aminye yeye. Tangu siku hiyo pafu la Alhamisi liliwekwa kando, na mkaguzi wa nyama akaombwa alikague kwa macho tu, la kupasua liwe la mbuzi mwingine. Kassim na wenzake wamekuja kumzika. Asanteni.

Na kwa kila mama aliyeingia wadini na mtoto anayehitaji oksijeni, kanuni ilikuwa moja. Mpira kwenye maji, mapovu. Halafu mpira wake mama, mpya, pumzi kumi. Halafu mtoto. Wanafunzi waliandika ukutani kwa mkono, "Pumzi kumi, mama kwanza", na maandishi yapo. Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara, mitungi ililetwa kwa mtumbwi, na Eunike, binti wa Bi. Dama ambaye hakuwahi kutia mguu majini, aliketi katikati ya mtumbwi ameupakata mtungi, macho amefumba. Aliposhuka alisema mamba wanne wamempita. Mwenye mtumbwi alisema ni magogo.

Kwa njia hiyo ya pumzi kumi akina mama wengi walikubali. Si wote. Wale waliokataa walikuwa wakitaja jina lake.

Machi 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na daktari wa Malindi akasema moyo umepanuka. Alikunywa dawa zake bila kukosa na akaendelea na kazi mpaka Mei mwaka huu. Kuanzia Juni alihitaji oksijeni yeye mwenyewe, nyumbani, kwa mashine ndogo ambayo Bwana Komora aliisikiliza kutwa kama anavyosikiliza pampu zake. Siku wanafunzi walipokuja kumfungia mpira aliwazuia kwa mkono. Aliwaambia waanze wao, pumzi kumi kila mmoja, na wote sita walifanya hivyo kwa zamu huku yeye akitazama saa. Hakulalamika. Alisema kwamba masikio kweli yanauma kwa nyuma, akamwomba Darmi ashone vitambaa vidogo vya kuyafunika, na vitambaa hivyo sasa viko wadini.

Aliaga dunia nyumbani kwake siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini. Alikuwa amekunywa uji wenye ndimu, amemwambia Maro apunguze redio, na mkono wake ulikuwa mkononi mwa mumewe. Tasnim wa Kipini, mwanafunzi wake, alikuwa ameketi miguuni akihesabu pumzi zake za mwisho. Alihesabu dakika nzima, bila kuzidisha.

Ameacha mumewe, Bwana Komora Maro, watoto wake Maro na Darmi, kaka yake Bwana Bahola na ndugu wengine watano, mashemeji, wakwe, watoto wa ndugu zake wengi, rafiki yake Darmi wa Garsen, yule mama wa maziwa, na wanafunzi arobaini na mmoja ambao sasa wametawanyika kutoka Kwale hadi Garissa. Ameacha pia watoto wasiojulikana idadi, kwa kuwa hakuwahi kuandika waliopona. Alisema waliopona wanajiandika wenyewe, kwa kelele.

Kabla ya leo, Kabibi alimwambia mumewe ukweli wote Jumatano usiku, na Alhamisi akamwambia mama mkwe wake. Jilo alitoka nje akarudi, akamtazama Zakaria amelala, akasema angalau sasa anajua kwa nini mtoto huyu alikuwa anapelekwa kwa shangazi kila Jumapili bila kukosa. Mama mkwe aliendelea kupika mpaka wali ukaiva. Kisha akasema, hata mimi ningeuchomoa. Kabibi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine yote, siyo hayo.

Mungu amlaze Eunike mahali penye upepo mwanana, na kifua chake kisitaabike tena.

Lililobaki ni alilolitaka yeye mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, alasiri. Kabibi alikuwa anampaka mafuta miguuni, Zakaria yuko uani anafukuzana na kuku. Kabibi alimwambia kwamba hawezi tena kunyamaza, kwamba atasimama mbele ya watu na kulisafisha jina lake. Eunike alivuta pumzi kadhaa kwanza, maana maneno yalikuwa yanamgharimu. Akasema jina lake ameshalizoea lilivyo, atakwenda nalo hivyohivyo. Akauliza wanafunzi wapya wanafika lini. Kabibi akasema tarehe kumi na tano, Jumatatu. Hiyo ndiyo Jumatatu hii inayokuja. Eunike akamshika kifundo cha mkono, ule mkono wenyewe, akamwomba hivi:

"Jumatatu hiyo nenda ukae nao pale mlangoni mwa wadi. Mimi mama akinikataa, anamkataa mtaalamu. Wewe hawezi kukukataa, wewe ni yeye. Usimwambie mengi. Mwambie uliwahi kuuchomoa, kisha mwite Zakaria apite mbele yake akikimbia."